Maji ya Kijito na Dumu la Mawese: Maisha ya Profesa Andongwisye Mwangoka

Mchungaji Yakobo, wazee wetu, wafiwa wenzetu, majirani wa Bujonde, ndugu mliotoka Talatala na Bondeni, nanyi wageni wa chuo mliotua Songwe jana na kumalizia safari kwa gari, mughonile. Kwa niaba ya familia, Lazaro Mwangoka, mdogo wa marehemu, ndiye aliyepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yake, na kabla hajaanza anaomba radhi kwamba wengi mmekaa kwenye mabenchi ya kanisa na wengine kwenye mikeka, kwa sababu viti vya plastiki vilivyoletwa juzi na lori la kiwanda, pamoja na maturubai yake, familia iliviangalia vikiwa juu ya lori, haikushusha hata kimoja, na dereva akarudishwa navyo alikotoka. Sababu mtaisikia, msiwe na haraka.

Profesa Andongwisye Lugano Mwangoka alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 hapa hapa Bujonde, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu tata Lugano Mwangoka, mkulima wa mpunga na kakao, na marehemu mama yetu Maria, akabatizwa Desemba ya mwaka huo huo, na tangu alipoanza kutambaa akawa mtoto wa kusumbua. Mama alikuwa akisema kwamba huyu haamini kitu mpaka akionje, alionja sabuni, alionja majivu, alionja maji ya mtaro akaharisha wiki nzima, na alipopona akarudi kwenye mtaro ule ule kuangalia ni kitu gani kilichomharisha. Hivyo ndivyo alivyoanza kazi yake, kabla hajajua kwamba ina jina.

Alisoma shule ya msingi hapa Bujonde kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari wilayani Rungwe mwaka 1977 hadi 1980, kidato cha tano na cha sita akavisoma Iringa mwaka 1981 hadi 1983, akalitumikia taifa jeshini kwa mwaka mmoja, kisha mwaka 1984 akaingia chuo kikuu Dar es Salaam kusoma kemia, akapata shahada ya kwanza mwaka 1988 na ya pili mwaka 1991. Mwaka 1993 alikwenda Uswidi kwa masomo ya udaktari, akahitimu mwaka 1997, na wakati wenzake walirudi na redio na majaketi, yeye alirudi na sanduku zima la chupa na mirija ya kioo, kila kimoja kimeviringishwa ndani ya soksi, akalibeba kutoka uwanja wa ndege magotini kama anayebeba mayai.

Kazi ya kufundisha aliianza tarehe 1 Septemba 1988 akiwa mhadhiri msaidizi, akapanda ngazi moja baada ya nyingine bila kumkanyaga mtu, hadi tarehe 1 Julai 2011 alipokuwa profesa kamili. Wanafunzi walimwogopa kwa jambo moja tu, nalo ni vyombo. Mwanafunzi wake mpya hakugusa mashine yoyote kabla hajajifunza kuosha chupa za soda za kioo kwa tindikali, kuzisuuza, kuzichemsha na kuzianika kichwa chini, kwa sababu marehemu alishikilia kwamba maji ya kupimwa hayatiwi kwenye plastiki hata kwa dakika moja, na aliyekosea alirudishwa kuosha upya mbele ya wenzake. Familia inawaomba walioletwa hapa na chuo walikumbuke jambo hilo, maana wote waliziosha chupa hizo, na baadhi yao kumbukumbu zao zimeanza kuwa fupi.

Tarehe 22 Desemba 1990 alifunga ndoa na Jubilate, muuguzi, binti wa Talatala, na Mungu akawajalia watoto watatu, Lusungu aliyezaliwa mwaka 1992, Nancy mwaka 1998 na Neema mwaka 2001. Nyumba yao ya Dar es Salaam haikuwahi kuwa ya watu watano, kwa kuwa kila mwanafunzi aliyekwama alipelekwa pale, na mmoja wao aliletwa mwaka 2004, kijana kutoka mkoa wa mbali, hana ndugu mjini, amebeba mfuko mmoja wa nguo, jina lake Theophil. Alilala chumba kimoja na wadogo wa marehemu kwa miaka miwili, akala mezani pale pale, akamwita Jubilate mama na marehemu baba, na marehemu akamfundisha, akamsimamia, akamsukuma, hadi mwaka 2015 akawa Daktari Theophil. Familia haisemi haya kwa kumsimanga. Kusimanga kunakuja mbele.

Utafiti uliompa marehemu jina aliuanzia kwenye takataka. Kila alipokuja likizo alikuta ufukwe wa Itungi umejaa chupa za maji za plastiki, ziwa likizitema na watu wakizikanyaga, basi mwaka 2019 akaanza kuzikusanya kwenye magunia ya mpunga, wapita njia wakamcheka kwamba profesa mzima amegeuka muokota makopo, naye akawajibu kwa Kinyakyusa maneno ambayo mchungaji hatapenda yasomwe hapa. Chupa zile alizikatakata, akazipika ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa barabara, hadi akapata chembechembe laini mno za kaboni, ambazo ukiloweka kikaratasi ndani yake, ukakiweka gizani na kukimulika kwa tochi ya zambarau, ile wanayokagulia noti bandia wenye maduka pale Bondeni, kinang'aa rangi ya samawati. Kikaratasi hicho ukikichovya kwenye maji yenye madini ya risasi, sumu inayokaa kwenye betri kuukuu na kuharibu akili za watoto, mng'ao wake unazima. Wataalamu wanakiita kihisi, sisi tunakiita kikaratasi, na uzuri wake ni kwamba yeyote mwenye jicho zima anaweza kukisoma, jambo ambalo kuna watu halikuwafurahisha hata kidogo.

Mwaka 2021 Bwana Sospeter, mfanyabiashara mnayemfahamu, alifungua kiwanda cha kusaga plastiki juu ya kijito kinachoshuka hadi mashamba yetu ya mpunga, na marehemu alishangilia kuliko mtu yeyote, akasema hatimaye amepatikana mwenye akili wa kuondoa uchafu ule. Agosti 2022 alitembea na vikaratasi vyake kando ya kijito, na juu ya bomba la kiwanda viling'aa vyote, chini ya bomba vikazima vyote, hadi kwenye kisima cha kitongoji cha chini ambako watoto wamekuwa wakilalamika matumbo na walimu wakilalamika kwamba hawashiki wanachofundishwa. Alichunguza akakuta kiwanda kinasaga hata maganda ya betri chakavu za magari, kinayaosha, na maji ya kuoshea yanatoka kwenye bomba bila kuchujwa. Alimfuata kwanza Bwana Sospeter mwenyewe, kiungwana, akapewa soda na ahadi kwamba litachimbwa bwawa la kutuamisha uchafu, na bwawa hilo mnaweza kwenda kulitafuta tukimaliza mazishi, halipo.

Ndipo Septemba ya mwaka huo marehemu akachota maji ya kijito kwenye chupa zake za kioo, akazipanga kwenye kreti ya soda, na kwa kuwa alitaka mashine kubwa ya chuo ithibitishe alichokiona, akamkabidhi Theophil, aliyekuwa amekuja kumtembelea kwa gari na siku hiyo alikuwa anarudi Dar es Salaam. Jubilate naye akafanya linalofanywa na kila mama wa Kyela mtoto anapoondoka, akamjazia dumu la njano la mawese ampelekee mkewe, na kwa kuwa mfuniko ulikuwa umepotea, akaziba mdomo wa dumu kwa jani kavu la mgomba, akaliweka nyuma ya gari, ubavuni mwa kreti. Theophil akashukuru kwa mikono miwili, akasema ndaga fijo mama, akaondoka.

Mashine ya chuo iliiona risasi, marehemu akapeleka malalamiko, na tarehe 17 Mei 2023 kamati ya kuchunguza maji ya kijito ilikaa ukumbini Bondeni, na wengi mliopo hapa mlikuwepo. Mlimwona Daktari Theophil akisimama akiwa na kazi mpya, mshauri wa mazingira wa kiwanda cha Bwana Sospeter, mkamsikia akisema kwamba chupa za kioo anazozitaja marehemu hazikuwahi kuwepo, kwamba maji yale yalibebwa kwenye dumu la plastiki lililotiwa rangi, na kwamba risasi iliyoonekana ilitoka kwenye rangi ya dumu, kisha akatoa picha aliyoipiga mwenyewe kwa simu, nyuma ya gari, dumu la njano peke yake. Akasema, "Profesa wangu alipima dumu, hakupima maji," na ukumbi ukacheka. Kisha akaonyesha majibu ya maji aliyoyachota yeye mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, wakati Kyela nzima inatembea imekunja suruali hadi magotini na kijito kimejaa mvua tupu, yakaonekana masafi, na wanakamati waliotoka mikoa ya juu, ambao Aprili yetu hawajawahi kuiona, wakatikisa vichwa kukubali. Tangu siku hiyo mji mzima ukamwita marehemu Profesa Dumu, na walioanza kumwita hivyo wengine wamekaa hapa na vitenge vya msiba. Tarehe 30 Juni 2023 chuo kilimnyang'anya funguo za maabara, kikamkabidhi Theophil.

Marehemu siku ile ukumbini aliomba nakala ya picha, akaitazama, akaitia mfukoni, akarudi kukaa, na watu wakachukulia kwamba ameumbuka. Familia ndiyo inayojua alichosema jioni aliporudi nyumbani. Jubilate aliitambua picha kwa kuitupia jicho mara moja, akawaka, akamwambia arudi kesho yake awaambie watu kwamba lile ni dumu la mawese, ameliziba yeye kwa jani la mgomba, na jani linaonekana pale pale mdomoni, nani hapa Kyela asiyelijua. Marehemu akamjibu, "Jubi, unataka nisimame mbele ya watu nimsimange mtoto mafuta niliyompa? Kwetu hilo halifanyiki." Na Jubilate akamwambia, "Basi lisifanyike wakati wa uhai wako. Ukitangulia wewe, nitamsimanga mimi."

Marehemu alirudi kuishi Bujonde moja kwa moja, akaendelea kutengeneza vikaratasi jikoni kwa sufuria la presha, akavigawa kwa yeyote aliyevitaka, na wachache ndio waliovitaka, kwa sababu nani angeamini kikaratasi cha Profesa Dumu, hivyo kitongoji cha chini kikaendelea kunywa maji yale, na hilo ndilo lililomtafuna kuliko jina la kejeli. Tarehe 3 Machi 2024, akiwa anaanika vikaratasi kwenye kamba ya nguo, alianguka kwa kiharusi, upande wake wa kulia ukapooza na ulimi ukawa mzito, akalazwa hospitali ya wilaya, akarudi nyumbani Mei, akajifunza kuchovya kwa mkono wa kushoto, na asubuhi ya Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024 akafariki, mkewe akiwa amemshika mkono. Madaktari wameandika kwamba kilichomuua ni kiharusi. Familia inaheshimu walichoandika madaktari, na chini yake inaongeza jina la Theophil.

Sasa, kwa ruhusa ya wazee, familia inasimanga. Daktari Theophil, uliyekaa mstari wa mbele na tai ya zambarau, dumu ulilolipiga picha lilikuwa lako. Mafuta yaliyokuwemo yalikamuliwa na shangazi za marehemu, mkeo aliyapokea, akampigia Jubilate simu kushukuru, akasema yananukia vizuri na wali umenoga, na wewe uliyala hadi yakaisha, kisha ukaosha mdomo, ukaenda kuiambia dunia kwamba dumu lile lilibeba maji ya kijito. Ulijua kwamba maji yalikuwa kwenye kioo kwa sababu ulizibeba chupa kwa mikono yako, kreti ilikuwa pembeni na uliikata kwenye picha. Ulijua pia kwamba yule mzee hatakusimanga, kwa sababu ulikaa kwetu miaka miwili ukazijua aibu zetu, ukaitumia aibu yake kama kamba ya kumfungia mdomo. Alikufa nayo. Sisi aibu hiyo tumeivua asubuhi hii, tumeiweka pembeni, na hatuioni haja ya kuivaa tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, waliomgeuza na kumwogesha bila kuchoka, inawashukuru majirani wa Bujonde kwa mchele, ndizi na kuni, akina mama waliolala na mjane tangu Jumatano, vijana waliochimba kaburi, Mchungaji Yakobo aliyekuja kumsomea neno kila Ijumaa hata pale marehemu alipokuwa akibishana naye kwa mkono mmoja, na wafanyakazi wenzake wawili wa chuo, ambao hatuwataji ili wasipokonywe funguo, waliothubutu kuja kumwona akiwa hai. Bwana Sospeter ametuma salamu kwamba yuko safarini, nasi tunamshukuru kwa salamu hizo, ingawa gari lake limeonekana Bondeni asubuhi hii likinywa mafuta.

Chuo kimeleta shada kubwa la maua ya plastiki, limewekwa nje ya uzio, lisiguswe. Badala ya mashada, familia iliomba kila kaya ilete chupa moja ya kioo yenye maji yaliyochotwa leo alfajiri pale kaya hiyo inapochota ya kunywa, na mmeitikia wengi kuliko tulivyotegemea, chupa zipo juu ya meza kando ya jeneza, kila moja imebandikwa jina la mahali. Ni Oktoba, kijito kimeshuka, hakuna mvua ya kumfichia mtu kitu. Pembeni yake kuna vikaratasi vya mwisho alivyovianika marehemu, tochi ya kukagulia noti, na boksi la viatu lililopakwa rangi nyeusi ndani na kutobolewa tundu la kuchungulia.

Ratiba mliyoiona inasema kwamba baada ya historia hii zinafuata salamu za chuo, zitakazotolewa na Daktari Theophil. Familia imezibadilisha kidogo. Hatuhitaji hotuba. Daktari atakuja mezani, atachovya kikaratasi kwenye chupa moja moja, atachungulia kwenye boksi, na kwa sauti itakayofika hadi kwa walio kwenye migomba atasema jina la mahali na neno moja, kinang'aa au kimezima, na baada yake Mchungaji Yakobo atachungulia chupa hiyo hiyo ili tusije tukaambiwa tena kwamba tumepima dumu. Mwenyekiti wa kamati ya Mei yupo hapa, na kalamu anayo. Akina mama wa kitongoji cha chini wapo, na wanataka kujua leo jioni wawape watoto wao maji gani. Daktari asihangaike kulitazama gari lake, limezibwa na lori la mpunga, na mwenye lori yumo kaburini anasawazisha.

Andongwisye, kaka, ulitunyima ruhusa ukiwa hai, na tulikutii mpaka Jumatano. Hatutakushusha na jina walilokupachika. Jeneza lako litabaki juu mpaka chupa ya mwisho isomwe na mdomo ule ule ulioufanya ukumbi ukucheke, na likishatoka neno hilo la mwisho, mbele ya watu hawa wote, ndipo utakapopumzika kwa amani.

Theophil, inuka. Jubilate ameshawasha tochi.